Anayesaga Chini ya Rampu

Wewe ungeuweka wapi mkono wako, ukisikia mtu anasaga mtama ndani ya zege?

Gichana aliuweka palepale. Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, jua la Migori limekaa utosini, na mafundi walikuwa wanakula nyoyo, mahindi na maharagwe, kwenye kivuli cha ukuta wa boma la kale la Kowidi. Ukuta ule ni mawe matupu, yamepangwa na kushikana bila hata tone la udongo. Pembeni yake sasa palikuwa na choo kipya chenye mlango mpana kuliko wa ofisi yoyote ya serikali, mabango ya nukta nukta kwa wasioona, na rampu ya zege iliyopanda hadi lango la nyuma, ili mwenye kiti cha magurudumu naye aingie ndani kama binadamu wengine.

"Kuna mtu anasaga huku chini," Gichana alisema.

"Ni tumbo lako hilo," alijibu Motari, fundi mkuu. "Kula."

Gichana akacheka, akapiga goti, akabandika kiganja juu ya zege. Kikanasa. Zege haikupasuka, haikutikisika. Kiganja ndicho kilichoanza kwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, kama mtama chini ya mwanamke mwenye haraka, na kila kiliporudi kiliacha ngozi nyuma. Wanaume wanne walimvuta kiunoni. Walipomng'oa, vidole vitatu vilikuwa vimebaki juu ya rampu, na havikuwa vidole tena. Vilikuwa unga. Mwekundu, laini, unanukia mtama uliolowa.

Motari alisema ni jini. Wazee wa hapo, Wajaluo, walisema ni juogi, mzimu wa aliyekufa. Gichana, aliyepelekwa hospitali mkono ukiwa ndani ya mfuko wa simiti, hakuuliza tofauti.

Jerusha, msimamizi wa boma, alisema ni ajali kazini.

Huyu alikuwa na digrii ya historia na sauti ya kuitumia. Kila mgeni alimwambia asiguse jiwe, kila jiwe hapa lina mwenyewe. Mwezi uliopita alikuwa ameandika ripoti ya kurasa tatu kwamba pong', jiwe la kusagia la mwanamke wa mwisho kuishi bomani, limeibwa na wageni. Aliambatanisha na picha ya mahali palipobaki wazi.

Ufunguzi ulikuwa Ijumaa. Wa kwanza kupanda rampu angekuwa mdogo wake, Byron, ambaye lori la miwa lilimponda miguu kule Awendo miaka sita iliyopita. Byron ni fundi wa simu mjini Migori. Miguu ilikwenda, vidole vikabaki, na vidole hivyo ndivyo vinavyomlisha yeye, mkewe na mapacha wao.

"Madam, tuite mtu," Motari alimsihi. "Mimi sileti fundi mwingine hapa."

Ijumaa asubuhi akaletwa Robi, mganga wa Kikuria kutoka upande wa Isebania, mwenye koti la mvua na simu mbili. Alinusa rampu kama anayenunua samaki.

"Kuku wenu sitaki," alisema. "Huyu mama anasaga mifupa kwa sababu jiwe lake limevunjwa, na vipande vimo humu ndani. Aliyelivunja aseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Akisema, mama atapumzika. Akinyamaza, atasaga mpaka chungu kijae."

Macho yote yakamwendea Motari.

"Mbona mimi?"

"Ninyi Wakisii mkiona jiwe mikono inawasha," Jerusha alisema. "Tangu lini mkaliacha zima?"

"Hayo ni mawe ya kuchonga, Madam! Laini kama sabuni! Mimi nilikuta kokoto kwenye wilbaro, nikakoroga." Alitazama huku na huku, hakuona wa kumtetea. Wageni walikuwa njiani, hema limeshasimamishwa. Akachoka. "Haya basi. Ni mimi. Nililivunja mimi. Turudi kazini."

Robi alimrukia amzibe mdomo, akachelewa. Taya la Motari lilifunga kwa kishindo, kisha likaanza kwenda pembeni, kushoto na kulia, polepole, na ile sauti ya kusaga ikatoka kinywani mwake mwenyewe. Alianguka. Alipofunua midomo, meno yalimwagika kama unga wa muhogo, kisha damu ikaufuata.

"Amedanganya," Robi alinong'ona. "Usimdanganye mwenye njaa."

Wakati huo Byron alikuwa ameshushwa kwenye gari pale rampu inapoanzia, suti imepigwa pasi, na kabla mtu hajamwambia arudi nyuma kiti chake kilianza kupanda chenyewe, naye akashika magurudumu akizuia, mpira ukamchuna viganja, na harufu ya mtama ikajaa hewani nzito mpaka watu wakakohoa, kiti kikapanda, kikafika katikati, kikasimama ghafla hivi kwamba akatupwa mbele kifudifudi na mikono yote miwili ikatua juu ya zege, ikanasa, na zege ile ikaanza kunguruma chini yake kama lori linalowashwa.

"Nyamera!" alipiga kelele. "Dada, mikono yangu! Mikono!"

Kucha zilitoka kwanza.

"Aliyelivunja!" Robi alilia. "Yuko hapa, namnusa! Aseme!"

Jerusha alikimbia, akaanguka kando ya mdogo wake, akamkumbatia viwiko na kuvuta, na alipovuta aliiona damu yake ikitandazwa mbele na kurudi, mbele na kurudi, na akaelewa kwamba hakuna ripoti ya kuandika hapa. Akabandika uso kwenye zege.

"Dani, bibi mwenye jiwe," alisema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa hemani waliisikia. "Dani, muache. Ni mimi. Lilikuwa pale rampu inapotua, na ruhusa ya kulihamisha ingechukua miezi minane. Nilikuja Jumapili watu wakiwa kanisani, nikalipiga na nyundo ya Motari mpaka likawa kokoto. Nikalijaza kwenye wilbaro. Nilitaka apite, Dani. Nililivunja mimi."