Orodha ya Ijumaa

Kocha alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, miguu ikielekea mlangoni, kichwa kikiwa karibu na kizingiti cha saruji cha bafu. Filimbi ilikuwa bado shingoni. Damu haikuwa nyingi. Ilikuwa imeganda kwenye ukingo wa kizingiti na kwenye taulo.

Inspekta alilitazama taulo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama marehemu. Lilikuwa jeupe, limekunjwa mara nne na kuwekwa vizuri chini ya kisogo, kama mtu anavyomwekea mgonjwa mto.

"Ni wewe uliyeweka hili?" alimuuliza mtunza vifaa.

"Hapana, afande. Nimelikuta."

Mtunza vifaa alikuwa mzee mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni. Alieleza kwamba alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida yake, akaanzia chumba cha kufulia, kisha kwenye saa moja kasorobo akaingia humo na ndoo ya maji. Alimtikisa kocha begani, akaona hapumui, akakimbilia getini kwa mlinzi. Naye mlinzi aliapa kwamba hakuna mgeni aliyepita mbele yake tangu kulipopambazuka.

Koplo aliandika yote hayo bila kuinua uso. Alikuwa shabiki wa timu hiyo tangu darasa la pili, na asubuhi hiyo alikuwa kama mtu aliyefiwa nyumbani kwake. Kesho yake timu ilikuwa na mechi ya kufa na kupona. Ikifungwa, inashuka daraja.

"Wachezaji walimwita nani?" Inspekta alimuuliza.

"Chuma, afande."

"Kwa kumpenda au kwa kumwogopa?"

Koplo alifikiri kidogo. "Kupenda sijawahi kusikia."

Na kweli, kila aliyehojiwa siku hiyo alikuwa na lake la kusema juu ya Chuma. Ukichelewa dakika moja, unazunguka uwanja mara kumi. Simu zote zinaachwa kwenye kibanda cha mlinzi, zaidi ya mita mia mbili kutoka jengo la wachezaji. Timu ikifungwa, hakuna kucheka ndani ya basi mpaka mlangoni kwako. Kwa miaka yote aliyofundisha hapo, hakuna aliyekumbuka kumsikia akimwambia mchezaji neno "vizuri". Asipopiga kelele, ujue hapo amefurahi.

Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na ubao wa matangazo. Pini mbili zilikuwa zimeshikilia pembe mbili za karatasi, na karatasi yenyewe haikuwepo. Ilikuwa imenyofolewa kwa nguvu.

"Hapa hukaa nini?"

"Orodha," alijibu mzee. "Kila Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi mwalimu anabandika majina ya watakaocheza Jumamosi. Anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hamwambii mtu mapema, hata msaidizi wake. Mnaamka, mnakuja, mnasoma ukutani."

Inspekta alimwambia mpiga picha apige zile pembe mbili, kila moja peke yake.

Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa golikipa. Wenzake walimwita Ukuta, na mwili wake ulijaza mlango alipoingia. Jumanne iliyopita aligombana na kocha katikati ya uwanja mbele ya timu nzima, akamwambia kwamba siku moja ataokotwa maiti. Kocha akamtoa mazoezini kwa siku mbili.

"Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilikuwa na hasira. Alinitukania mchezo wangu mbele ya watoto wa timu ndogo."

"Leo saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Zahanati. Mtoto wangu alishikwa na homa, nikampeleka na mama yake. Muuguzi ananijua, alinitania kuhusu goli la wiki iliyopita."

Koplo alipiga simu zahanati. Muuguzi alithibitisha, na alikumbuka hata utani wenyewe. Ukuta alikuwa kwenye benchi la wagonjwa tangu kabla ya saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili na dakika hamsini.

"Ulimchukia?" Inspekta alimuuliza alipokuwa akiinuka.

"Sana," alisema Ukuta, kisha akasimama pale mlangoni kana kwamba ameshindwa kutoka. "Na sasa sijui nimchukie nani."

Nahodha alikuwa ameketi peke yake mwisho wa korido. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na macho yake yalikuwa yamevimba. Wengine walikuwa wamepigwa na butwaa, lakini yeye tu ndiye aliyekuwa analia. Koplo alimweleza Inspekta kwa sauti ya chini kwamba Chuma ndiye aliyemtoa huyu kwenye viwanja vya vumbi akiwa na miaka kumi na sita, hana baba, hana viatu. Alimlaza nyumbani kwake mwaka mzima. Watu walikuwa wakisema Chuma hana moyo, na kama anao, basi umevaa jezi namba sita.

Inspekta alikaa kando yake kwenye benchi.

"Pole."

"Asante, afande."

"Umefika saa ngapi leo?"

"Saa moja. Pamoja na wenzangu."

"Orodha uliiona?"

"Sikuiona. Nimekuta watu wamejaa mlangoni." Alijipangusa uso. "Lakini nilikuwemo. Mwalimu aliniambia mwenyewe jana."

Inspekta aliandika neno "jana" kwenye kijitabu chake. Alikuwa ametoka kuambiwa kwamba Chuma hamwambii mtu mapema.

Alimshukuru, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Hapo palikuwa na chumba cha kufulia, na mbele yake kamba tatu za kuanikia. Jezi za mazoezi zilikuwa zimepangwa kwa namba, mikono imefungwa kwa vibanio. Inspekta alipita akizigusa moja moja. Zilikuwa kavu. Alipofika namba sita, mkono wake ulilowa.

"Mzee," alimwita mtunza vifaa, "hizi umezifua lini?"

"Jana mchana."

"Na hii?"

Mzee alitazama chini. Funguo zake zilikuwa zimetulia kiunoni.

"Nilipofika mashine ilikuwa ya moto," alisema mwishowe. "Nikaifungua nikakuta hiyo moja. Nikaianika. Yule kijana nimemfulia jezi tangu zikimpwaya. Sikutaka kusema kitu nisichokijua."

"Unajua sasa?"

"Sasa najua, afande. Na sikutaka kujua."

Adhuhuri daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Fuvu lilikuwa limepasuka nyuma, mahali pamoja. Kwenye mikono, juu ya viwiko, palikuwa na michubuko ya vidole, kama mtu aliyeshikwa akasukumwa. Hakufa papo hapo. Damu ilivuja ndani ya kichwa taratibu.

"Kwa muda gani?"

"Dakika ishirini, labda zaidi. Angewahishwa hospitali, huenda angepona."

Ofisini kwa kocha walikuta daftari kubwa la mistari. Ukurasa wa juu ulikuwa umechanwa, lakini Chuma alikuwa akiandika kwa kukandamiza kalamu. Mtaalamu wa maabara aliuwekea mwanga wa ubavuni ukurasa uliofuata, na alama zikajitokeza moja baada ya nyingine. Koplo ndiye aliyesoma. Alianza na golikipa: Ukuta, na kando yake herufi N ndani ya duara. Akaendelea na mabeki, viungo, washambuliaji, kisha wa akiba. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena kimoyomoyo.

"Nahodha hayumo," alisema. "Hata benchi hayumo. Unahodha amepewa Ukuta."

"Kwa nini mtu amwache mchezaji wake bora kwenye mechi kama hii?"

"Sijui, afande. Mimi nisingemwacha."

Aliyejua alikuwa daktari wa timu. Inspekta alimkuta katika chumba chake cha matibabu, amezungukwa na bandeji na chupa za dawa ya kuchua. Mwanzoni alijificha nyuma ya siri za mgonjwa. Inspekta alimkumbusha kwamba kuna mtu amekufa. Ndipo akafungua droo akatoa picha ya eksirei ya goti na nakala ya barua.

Goti la kulia la nahodha lilikuwa limekwisha. Kwa miezi mingi alikuwa anacheza kwa sindano za kuua maumivu, kwa shinikizo lake mwenyewe, huku akimficha kocha. Juzi Chuma aligundua. Alikuja hapo, akaitazama ile picha kwenye mwanga, akauliza swali moja tu: je, mechi moja zaidi itafanya nini? Daktari akamjibu kwamba huenda kijana asitembee tena bila fimbo. Chuma akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa na kuandika barua kwa viongozi wa klabu, akitaka nahodha afanyiwe upasuaji haraka, na kama wakikataa, yeye angejiuzulu.

"Kwa nini hakumwambia mwenyewe?"

"Nilimwomba amwambie," alisema daktari. "Akaniambia, nikimbembeleza atanibishia, na akinibishia nitalegea nimchezeshe. Bora anichukie mpaka Jumatatu."

Inspekta aliikunja nakala akaitia kwenye jalada.

Alasiri nahodha aliletwa kituoni. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lililopakwa rangi mpaka nusu. Alisomewa haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Alisema ameelewa.

"Ulifika saa ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Nimeshasema. Saa moja."

"Jezi yako ililowa na nini?"

Nahodha aligeukia dirisha.

"Tumeisoma orodha. Kalamu yake iliacha alama kwenye daftari. Ulijuaje kwamba umo, wakati humo?"

Nahodha aliweka mikono yake miwili mezani, viganja chini, akaitazama.

"Nani alimwekea taulo?" Inspekta aliuliza taratibu.

Hapo ndipo alipovunjika. Halafu alianza kusema, na hakusimama mpaka alipomaliza.

Kila siku alikuwa anafika kabla ya wote, akipitia geti dogo la nyuma lisilo na mlinzi, kisha mlango wa chumba cha kufulia, ili afunge goti na kulipasha moto ngazini pasipo mtu kumwona akichechemea. Ijumaa hiyo alimkuta mwalimu akibandika orodha. Aliisoma mara mbili. Alidhani jina lake limesahaulika. Alimuuliza, na Chuma, akiwa amempa mgongo, alimwambia kilichoandikwa kimeandikwa. Alimuuliza amekosa nini. Chuma akasema kwamba uwanja hauhesabu miaka ya mtu, kisha akamwambia akampe Ukuta kitambaa cha unahodha.

"Hakunitazama, afande. Nilitaka anitazame tu. Nikamshika mikono nimgeuze. Akajinasua. Nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akapiga kichwa pale kwenye saruji. Macho yalikuwa wazi. Nikapiga magoti, nikamwinua kichwa nikamwekea taulo. Damu ikanichafua. Akasema neno moja."

"Neno gani?"

"'Goti.' Akarudia, 'goti, inuka.' Nikajua amegundua. Nikadhani hata pale anapokufa ananisimanga."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Inspekta hakumtazama.

"Kwa nini hukuita msaada?"

"Simu haturuhusiwi kuingia nazo, na yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilijiambia nivue jezi kwanza, watu wasinikute na damu, halafu nikimbie getini. Niliichana ile karatasi. Nikaenda kufua. Nilisimama mbele ya mashine sijui muda gani. Niliporudi kumtazama alikuwa hapumui. Nikatoka kwa nyuma, nikazunguka, nikaja na wenzangu saa moja."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aniambie kwa nini."

Inspekta aliinuka akatoka koridoni. Koplo alimfuata na kufunga mlango nyuma yake.

"Afande, ni lazima aambiwe habari za ile barua?"

"Itasomwa mahakamani mbele ya watu wote. Afadhali aisikie hapa."

"Itammaliza."

"Najua," alisema Inspekta. Alibaki amesimama kidogo, jalada kifuani, kisha akarudi ndani.

Hakumsomea. Alimpa aisome mwenyewe. Nahodha aliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno lolote, na kichwa chake kikainama. Ilikuwa barua fupi, yenye amri kuliko maombi, kama alivyokuwa mwenyewe. Katikati palikuwa na sentensi iliyosema: kijana huyu nimemlea, sitamtia kilema kwa ajili ya mechi. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Hakulia. Machozi yalikuwa yameisha asubuhi.

"Angesema hili tu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba Koplo alilazimika kuinama. "Ningekaa benchi miaka mitano. Angesema tu."

Inspekta aliichukua nakala akairudisha kwenye jalada.

Maelezo yaliandikwa kurasa tatu. Koplo alimsogezea na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Nahodha alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na kwenye ukurasa wa pili akasimama.

"Hapa mmeandika nilimsukuma marehemu."

"Ndivyo yanavyoandikwa," alisema Koplo.

"Futa. Andika mwalimu wangu."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kukubali. Koplo alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika maneno mawili juu yake, na nahodha akatia sahihi.