Nusu Dakika za Chiriku

Kila jioni, Mama alipomaliza kuoka mikate na kufagia unga sakafuni, chumba cha nyuma ya tanuri kiligeuka ukumbi wa ndondi. Meza ilisukumwa ukutani, gunia lililojazwa matambara likaning'inizwa kwenye boriti, Mama akavaa glavu, na Chiriku akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, saa ya kuhesabia dakika mkononi. Hilo halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Kocha, mwanamke mwenye mvi aliyepigana ndondi ujanani, alikuja Jumamosi tu. Siku nyingine alimwachia Chiriku kazi. "Raundi tatu, dakika tatu kila moja," alimwambia. "Raundi ikiisha, gonga sufuria."

Wiki mbili za mwanzo Chiriku aliifanya kazi hiyo kwa makini. Wiki ya tatu, mchezo wa kuruka kamba ukapamba moto uwanjani. Sauti za wenzake ziliingia dirishani, na miguu yake ikaanza kumwasha. Akatazama saa: dakika mbili na nusu. Akagonga sufuria. Ngaa!

"Imekwisha?" Mama aliuliza huku akitweta.

"Imekwisha!"

Mama akacheka kwa furaha. "Wewe! Leo hata sijachoka. Pumzi inaanza kukaa sawa."

Chiriku alijua amemdanganya, lakini kamba ilikuwa ikimngoja. Kesho yake alifanya vilevile, na keshokutwa, hatimaye ikawa mazoea. Siku za Jumamosi, Mama alipoishiwa nguvu mbele ya Kocha, aliyeshika saa mwenyewe, wote wawili walisema ni uchovu wa tanuri.

Mwezi uliofuata, mji wao ukawa mwenyeji wa ubingwa wa kimataifa wa ndondi za ridhaa kwa wanawake, na Mama alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kushiriki. Mabondia walifika kutoka nchi ishirini na mbili. Wengine waliingia dukani kwa Mama kununua mikate, wakiagiza kwa vidole na tabasamu. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimshonea Mama joho jekundu lenye mfuko mkubwa kifuani.

"Mfuko wa nini tena, baba watoto?" Mama aliuliza.

"Wa kutilia ushindi," Baba alijibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Pambano la kwanza lilianza vizuri ajabu. Mama aliteleza ulingoni kama amepakwa mafuta, ngumi zake zikifika zilikotumwa. Lakini kila raundi ilipokaribia kwisha, mikono yake ilishuka ghafla, na mpinzani akampiga apendavyo. Baba alitazama kupitia upenyo wa vidole vyake. Majaji watatu walimpa Mama ushindi, wawili wakamnyima. Aliponea tundu la sindano.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Mama alikaa akifungua bendeji za mikononi.

"Pumzi inakatika palepale kila raundi," alimwambia Kocha. "Nilifanya mazoezi kila siku, na bado. Nadhani umri umenitupa mkono. Afadhali nijitoe kabla sijaaibika mbele ya watu."

Maneno, ambayo siku zote yalimtoka Chiriku bila kuitwa, safari hii yaligoma. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Lakini alipoyaona macho ya Mama yakilengwa na machozi, akashindwa kuvumilia.

"Mama, si umri," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nilikuwa nagonga sufuria mapema. Nusu dakika, kila raundi. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama aliacha bendeji, akamgeukia. "Kila raundi?"

"Kila raundi. Nisamehe, Mama."

Kabla Mama hajajibu, Kocha alijipiga paja, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamgeukia Mama. "Kumbe ugonjwa tumeujua! Mwili wako ni mzima, mwanangu. Umefundishwa kulala dakika ya pili na nusu, nao umetii!"

Mama akajikuta anatabasamu, ingawa sauti ilibaki kali. "Tutayazungumza nyumbani. Kwa sasa, Kocha, tufanyeje?"

"Pumzi haijengwi kwa siku mbili," Kocha alisema. "Lakini akili unayo leo. Usimwage nguvu zote mwanzoni, weka akiba. Na wewe Chiriku, sauti yako inafika mbali. Zikibaki sekunde thelathini, piga kelele. Safari hii hesabu barabara!"

Siku mbili baadaye ilikuwa robo fainali. Aliyeshinda hapo angekuwa na uhakika wa medali ya shaba. Mpinzani alikuwa mrefu, mwenye mkono wa kushoto mzito. Mama alimzunguka bila haraka. Chiriku hakuondoa jicho kwenye saa. Dakika mbili na nusu zilipotimia, akasimama juu ya kiti.

"Mkate unaungua!"

Mama akaachia ngumi za akiba, moja, mbili, tatu. Watu waliokaa karibu walicheka. Raundi ya pili waliitikia. Raundi ya tatu ukumbi mzima ulinguruma, "Mkate unaungua!", hata wageni wasioelewa walichokuwa wakisema. Mama alimaliza akiwa bado ameinua mikono, na majaji wote watano wakampa ushindi. Mpinzani wake alimkumbatia, akamnyanyua juu kama mtoto.

Nusu fainali Mama alishindwa na msichana mwepesi aliyekuja kuwa bingwa, lakini alisimama imara mpaka kengele ya mwisho. Alipovishwa medali ya shaba, Baba alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Chiriku alisogea karibu na jukwaa. "Mama, bado umekasirika?"

Mama aliinama. "Ngumi za ulingoni sikuziogopa, mwanangu. Kilichoniumiza ni kudhani nimeshindwa na mwili wangu, kumbe nilikuwa nadanganywa. Ukimpunguzia mtu mazoezi kwa siri, unamnyang'anya nguvu siku anapozihitaji. Kazi uliyoaminiwa ifanye mpaka mwisho, hata kama hakuna anayekuangalia. Na ukikosea, sema, kama ulivyosema siku ile. Ulinisaidia nisikate tamaa."

"Nimesikia, Mama. Sitarudia."

Mama akamvuta jukwaani, katikati ya washindi wanne wa mataifa manne. Mpiga picha akawaomba wasogee karibu, nao wakakumbatiana, kila mmoja akimpongeza mwenzake kwa lugha yake.