Chai Iliyobaki kwenye Termosi

Kila jioni shangazi Raissa alifunga kibanda chake cha chapati sokoni Gitega, akarudi nyumbani na termosi kubwa. Kulthumu, mpwa wake wa miaka kumi na mitatu aliyeishi naye, ndiye aliyeiosha. Lakini kabla ya kuiosha alikunywa chai yote iliyobaki chini, nyeusi na kali kwa kukaa na majani tangu mchana.

Jumatatu alisinzia tena darasani. Madamu Emerensiana alipiga meza kwa kiganja.

"Kulthumu! Hii ni mara ya tatu. Ukilala tena wiki hii, nakutoa kwenye timu ya hesabu. Kwenye mashindano Muyinga ataenda mwingine."

Muyinga! Mama yake aliishi huko, na walikuwa hawajaonana tangu likizo kubwa. Kulthumu alirudi nyumbani akipiga mawe teke. Alimkuta binamu yake, Rachid, akimenya ndizi mbivu. Akalipuka.

"Ni wewe! Unakoroma kama pikipiki mbovu, mi silali!"

"Mi nakoroma kwa sababu nimeshiba," Rachid akacheka. "Si unanipa maharage yako na ndizi zako ili nikupe chapati?"

"Nyamaza!"

"Sinyamazi. Na ile chai ya termosi nani anakunywa?"

Shangazi Raissa, aliyekuwa akichambua mboga za lengalenga uani, aliinuka.

"Chai gani?"

Kulthumu alitaka kukana. Akaikumbuka Muyinga.

"Nakunywa mimi, shangazi. Na maharage nampa Rachid. Shuleni wanasema ni chakula cha watu wa kilimani, cha washamba." Akamnyooshea Rachid kidole. "Lakini kwa nini yeye analala na mimi silali?"

"We Kulthumu! Wateja wangu wanakunywa chai ile ili wasisinzie kazini! Wewe unaimaliza usiku, unaongeza chapati za mafuta, halafu unagombana na mto?" Shangazi alitupa lengalenga kwenye beseni. "Nimekukasirikia. Na huyu mla vya watu nimemkasirikia. Na mimi mwenyewe, niliyekupa termosi bila kuangalia ndani!"

Jioni ile chai ilimwagwa. Kulthumu alikula mapema, akiwa amenuna: maharage, lengalenga, ndizi mbivu na kikombe cha maziwa ya moto. Usiku wa kwanza bado aligeukageuka, na Jumanne alijifinya darasani mpaka mkono ukawa mwekundu. Usiku wa tatu hakumsikia hata Rachid.

Ijumaa Madamu alisoma majina ya timu. La Kulthumu lilikuwemo. Alikimbia mpaka kibandani.

"Nimeona unavyokuja mbio," shangazi alisema akifuta unga mikononi. "Sasa sikia, mwanangu. Chakula cha kilimani ndicho kilichokulaza. Kula mapema, na usione aibu kwa maharage yako. Chai kali waachie wanaokesha. Na siku nyingine ukiwa na shida, niambie kabla ya kutafuta wa kumlaumu."

Jioni ile walipokaa kula, Rachid alinyoosha mkono kwenye ndizi za Kulthumu.

"Gusa uone," Kulthumu alimwambia.