Jina Walilolitaka Watazamaji

Chetezo hakikuwa na kaa hata moja, na udi ulinuka. Ulinuka nyumba nzima, asubuhi kweupe, huku Ashraf akipanga kamera sebuleni kwa bibi yake, kijijini Pujini. Hakuuliza. Filamu yake ya jini alikuwa kaionesha mjini Chake, watu wakamzomea: "Jini gani huyu, hasemi katoka wapi wala ataka nini? Watufanya watoto?" Sasa kaja kuutengeneza mwisho.

"Waache wasijue," alisema Bi Mwatum, bibi yake. "Hofu yao yote ni hiyo. Ukishaeleza, wabaki na mwanamke na shuka."

"Watu siku hizi wataka maelezo, bibi."

"Jini haulizwi jina kwa mchezo. Akijitaja, akataja na haja yake, nawe ukamkubalia, mshapatana."

"Maigizo tu haya!"

"Na yeye nani kamwambia kuwa ni maigizo?"

Rahila, mkewe Ashraf, alicheka, akampa bibi mtoto wao mchanga amshike, akajifunika shuka nyekundu, akakaa mkekani. Yeye ndiye kiti, aliyepandwa na jini. Jaribu, muuza pweza aliyevikwa kilemba cha uganga, akauliza alivyofundishwa:

"Nani weye?"

Rahila alipaswa kutaja jina la kubuni. Akataja jingine, ambalo humu halitajwi, kwa sauti iliyotoka chini ya mkeka.

Jaribu akamtazama Ashraf. Ashraf, kafurahi kweli, mjinga yule, akamwashiria aendelee.

"Wa-wataka nini?"

"Kiti hiki."

"Umepewa," akasema Jaribu, maana ndivyo alivyokaririshwa, na pale pale harufu ya udi ikakatika, kuku uani wakanyamaza, na mtoto akajikunja kifuani kwa bibi akilia kilio cha mtu mzima, kilio kisicho na pumzi, akiificha sura yake asimwone mamake.

"Punguani weye!" Bi Mwatum akanong'ona. "Ushampa!"

Wakamleta Shehe Suhaib, mganga wa kweli. Akasoma, akafukiza, akamtazama Rahila aliyetulia tuli, kisha akafunga mkoba wake.

"Mie namtoa aliyeingia kwa nguvu. Huyu kaulizwa, kajieleza. Kaomba, kapewa, mbele ya mashahidi. Nimtoe kwa hoja gani?"

Filamu ilipendwa. "Sasa tumefahamu!" wakasema watu, wakaenda zao kulala.

Nyumbani, Rahila hakugeuka tena akiitwa Rahila. Ashraf alimwita kwa upole, akamwita kwa kilio, akamwita kwa matusi, na mtoto kakataa chupa, kalia hadi sauti imekauka, naye mwanamke kakaa pembeni na maziwa yanamlowesha kanga, akimtazama kama mzigo wa jirani, mpaka Ashraf akafunga mlango, akapiga magoti, akalitaja lile jina.

"Labeka, mume wangu," akaitika, akanyoosha mikono. "Nipe mwanangu."