Tochi ya Papa Zacharie

Mimi sikuwapo. Aliyekuwapo ni rafiki yangu Pascaline, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, wa hapa Kalemie, na yeye si mtu wa kubuni mambo. Tangu tumzike mama yake, usingizi ulimkimbia na mikono ikawa inamtetemeka. Ndipo akaenda kwa Papa Zacharie, anayesoma neva za mtu ndani ya macho.

Papa Zacharie alifunga pazia, akashika tochi na lupu ya kukuzia vitu.

"Mama, mwangaza ukiingia, mboni inapashwa kuwa ndogo. Kama neva ziko sawa, zote mbili zinafanya vile."

Ya kushoto ikawa ndogo kama punje ya ulezi. Akahamia ya kulia, akaimulika mara ya pili. Hapo Pascaline alikumbuka mlio wa kikombe cha bati: mama yake akikigonga usiku ule wa mwisho, akiomba awashiwe taa. Pascaline alijifanya amelala, mafuta yasiishe.

"Papa, unaona nini mule?"

Papa Zacharie alifungua pazia, jua la saa sita likajaa chumbani, akamwinulia kioo ajitazame.

Katika jua lote lile, mboni ya kulia ilikuwa ikizidi kupanuka, pole pole, kama ya mtu anayetafuta taa gizani.