Pikipiki Iliyozima Kwenye Daraja la Pili

Alfajiri, kabla ya kwenda shule, Thoa alipanga tambi za mchele ndani ya vikapu viwili vilivyotandikwa majani ya mgomba. Kaka yake Khoi alivifunga nyuma ya pikipiki, na mama yao, Bi Lanh, akaondoka kwenda sokoni. Safari ilikuwa ya nusu saa na madaraja mawili. Tambi hizo hazikutiwa dawa ya kuzuia zisiharibike. Zikichelewa juani hadi saa nne, huwa zimechacha.

Pikipiki ilikuwa kongwe kuliko Khoi, ambaye alikuwa na miaka kumi na saba. Jumatatu ilizima ghafla kwenye daraja la pili. Bi Lanh alipiga kiki mpaka mguu ukauma, kisha akaisukuma hadi sokoni. Jumanne ilizima tena, pale pale. Bi Cuc, mwenye duka la supu aliyenunua vikapu vyote viwili kila siku, alizinusa tambi akazirudisha.

"Dada Lanh, wateja wangu wanakula supu saa kumi na mbili," alisema. "Kesho ukichelewa nitatafuta mwingine. Usinichukie."

Mchana huo Thoa alirudi kutoka shuleni, akabadili sare na kutoa bisibisi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu alipokuwa na tisa alikuwa akienda kwenye karakana ya Mjomba Sita kutazama kazi. Fundi huyo hakuwa ndugu yao, na alikuwa mtoto wa tano kwao. Lakini katika Delta ya Mekong hesabu ya watoto huanzia mbili, kwa hiyo akawa Sita. Alimfundisha Thoa jambo moja kubwa kuliko yote: pima kitu kimoja kwa wakati mmoja, usibadilishe viwili.

Thoa aliwasha injini na kuiacha ingurume. Baada ya dakika kumi na tano ilizima. Alifungua kabureta, petroli ilikuwamo. Alitoa plagi, akaichomeka kwenye kofia ya waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Badala ya cheche ya buluu alipata kijicheche cha rangi ya chungwa, kisha hakuna kitu. Akaweka plagi mpya. Vilevile. Akakata ncha ya waya mnene wa plagi na kuukaza upya. Vilevile. Aliposubiri injini ipoe, cheche ikarudi, ya buluu na yenye mlio.

Basi kilichougua kilikuwa kitu kinachokufa kikipata joto. Alitoa tangi la mafuta. Chini yake koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ilikuwa imeshikwa na bolti moja, kwa sababu tundu la pili halikulingana na fremu. Nyaya zake zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe mweusi. Haikuwa koili yao.

Thoa alihisi masikio yakimwaka. Wiki iliyopita pikipiki ililala kwa Mjomba Sita siku mbili kurekebishwa platini, kifaa kinachokata na kuunga umeme wa cheche. Mjini kwao fundi akitoa kifaa kizima na kuweka kibovu, watu husema pikipiki imechemshwa. Ndiyo maana wengi huandika majina yao kwa rangi juu ya vifaa kabla ya kumwachia fundi. Thoa alitaka kuandika, mama yake akamkataza. "Huyu ni Mjomba Sita," alisema. "Utamwandikia jina kama mwizi?"

Khoi alikuwa mlangoni akimtazama.

"Ametuchemsha," Thoa alisema.

"Acha tu. Nitatafuta koili nyingine mimi."

"Kesho asubuhi utakuwa umeipata wapi? Twende."

Walisukuma pikipiki mpaka karakana. Mbele yake wateja saba walikuwa wakinywa kahawa ya barafu. Thoa hakuketi wala hakusalimia.

"Mjomba, koili yetu iko wapi?"

"Koili ipi, binti?"

"Uliyoitoa. Uliyotuwekea inazima ikipata moto. Mama amesukuma pikipiki siku mbili."

Mzee mmoja alicheka. "Sita, kumbe siku hizi unachemsha koili? Tulidhani unajua kuchemsha maji ya kahawa tu."

Wengine wakacheka. Mjomba Sita hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akainama chini ya tangi, akaigusa ile bolti moja.

"Pikipiki niliirudisha siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Ijumaa mama yako alikwenda sokoni?"

"Alikwenda."

"Ilizima?"

"Hapana."

"Jumamosi? Jumapili?"

Thoa alijibu kwa sauti ya chini. "Haikuzima."

"Koili ya namna hii haisubiri siku tatu. Ikipata moto inakufa siku hiyo hiyo. Niambie, kati ya Jumapili asubuhi na Jumatatu alfajiri, nani alikuwa na pikipiki?"

Jumapili mchana Khoi aliichukua kwenda kuiosha mtoni. Alirudi jioni, na haikuwa imeoshwa. Thoa aligeuka. Kaka yake alikuwa akitazama ndala zake.

"Kaka?"

"Nilimwazima rafiki yangu Vinh koili yetu, nikaweka yake," Khoi alisema. "Ya kwake ilikufa, na alikuwa na safari ya kwenda pwani na wenzake. Alisema siku mbili tu."

"Ulijua tangu nyumbani. Ukanisindikiza mpaka hapa. Ukasimama nyuma yangu nikimwita mjomba mwizi."

"Nilikwambia uache."

"Hukuniambia kwa nini."

Khoi alichukua baiskeli ya Mjomba Sita. Alienda kwa Vinh, akarudi jua likizama, na koili yao mfukoni. Mjomba Sita alizilehemu nyaya zake na kuikaza kwa bolti zote mbili. Injini ilinguruma nusu saa nzima bila kukohoa.

Jumatano Bi Cuc alipokea vikapu saa kumi na mbili kasorobo. Mchana Bi Lanh aliwapeleka watoto wake karakana, saa ile ile, wateja wakiwa karibu wote wale wale. Thoa aliomba radhi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Kisha Khoi akaeleza alichofanya, akianza na Jumapili. Yule mzee wa utani hakutania.

"Thoa, wewe ulipima vizuri ulipokuwa na mashine," Mjomba Sita alisema. "Ulipofika kwangu uliacha kupima. Hukuuliza hata siku. Radhi yako nimeipokea." Akamgeukia Khoi. "Wewe una makosa mawili. Ulipochukua koili, ulimnyima mama yako asubuhi mbili. Uliponyamaza, ulimwacha dada yako aseme uongo huku akiamini ni kweli. Hilo la pili ni kubwa zaidi, na kurudisha koili hakukulilipa."

Thoa alisubiri mama na kaka yake watangulie.

"Mjomba, nitamwamini lini tena?"

"Hilo sina kifaa cha kulipima. Kuanzia leo akwambie ukweli hata pale ambapo hakuna anayemuuliza. Akifanya hivyo kila siku, siku moja utagundua umeacha kumkagua. Asipofanya, endelea kukagua."

Alhamisi alfajiri, vikapu vilipokwisha kufungwa, Thoa alipiga magoti na kushika bolti za koili, moja baada ya nyingine. Khoi alimshikia taa. Hakumwambia aharakishe.