Wa Kwanza Kwenye Kompyuta

Wallahi, billahi, naapa kwa sauti mpaka Gairo wasikie: uongo humu hamna hata punje!

Stambuli alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kitenge hapa Morogoro, enzi zile viwanda vya serikali vinauzwa. Jamaa ana nguvu, mtambo mzima anaubeba begani kama kuni. Bosi mpya akaleta kompyuta. Ukiipa masharti yako, inafukua mafaili ya watu elfu tano kabla hujamaliza chafya, kila mtu inampa alama zake. Wa alama ndogo, nje.

Stambuli ana watoto tisa nyumbani Mafiga, na mkewe Zuhura tumbo liko mdomoni. Akapanda mlimani Matombo, kwa bibi mmoja mganga.

"Shikamoo, bibi. Nataka kompyuta ikipanga watu, mimi niwe wa kwanza."

"Marahaba. Wa kwanza kwenye nini?"

"Kwenye chochote, bibi! Usiniulize sana!"

Bibi akatupa udi kwenye moto. "Huyu ninayemtuma atakaa humo kwenye kompyuta. Kumtoa mimi siwezi."

Asubuhi chumba cha kompyuta kinanuka udi na damu mbichi. Regina, karani, kaziba pua na kitambaa.

"Kaka Stambuli, umewapiga wote! Wa kwanza!"

Stambuli akacheka mpaka vioo viwili vikapasuka.

Hata wiki haijaisha, bosi akageuza masharti: alama sasa ni za utoro na wizi, mwenye nyingi ndiye anatoka. Regina akabonyeza. Stambuli, wa kwanza.

"Mimi sijatoroka kazi hata siku moja!"

"Najua, kaka." Regina alinong'ona. "Nimelifuta jina lako, linarudi. Hebu tega sikio."

Ndani ya kompyuta kitu kilikuwa kinahema.

Stambuli alipanda mlima mbio. Bibi hakufungua hata mlango. "Nilikuuliza," alisema kwa ndani, basi.

Akateremka, jua la utosi, akaenda moja kwa moja dirishani kwa Regina kumwomba amfiche hata kwenye faili lingine, na hapo ndipo akamsikia bosi akisema sasa itoe majina ya wafanyakazi waliokufa, warithi wao walipwe, na ule udi ukamjaa kooni, na kile kihemacho kikaanza kuhema haraka haraka kama mbwa aliyeona nyama, na Stambuli akapiga kelele, "Regina, mdogo wangu, usibonyeze! Usibonyeze!" na kidole cha Regina kikashuka.

Karatasi ikatoka. Regina akausoma mstari wa juu, akaanza kulia. Akatazama dirishani, pale pale aliposimama Stambuli, macho yakampita kama hakuna mtu.

"Regina! Mimi hapa!"

Getini Zuhura alikuwa anaingia, ameshikwa huku na huku na wanawake, kanga kichwani.

Kompyuta ile iliuzwa. Iko ofisi gani leo, hakuna anayejua. Ndiyo maana nakuomba, ndugu yangu, usimsimulie mtu, asije naye akatamani kuwa wa kwanza.